SOMO: Mbolea ya maji kwa rehani, nanaa na dania, usizidishe harufu ikapotea

Asalaam aleikum wapenzi, leo tuongee kiwango cha mbolea kwenye haidroponiki, yaani kulima kwenye maji bila udongo. Wengi hapa Lamu tunadhani jani likiwa kubwa basi tumefaulu, na rehani yenyewe watu wanaitaka ya kikuba (kile kishada cha kunukia), mtu anainusa kwanza ndo anatoa pesa.

Hatua ya 1, pima maji matupu kabla hujatia chochote, na hapa msiniruke tafadhali. Mita ya EC (inapima maji yanavyopitisha umeme, namba zote hapa ni za mS/cm) inahesabu chumvi zote pamoja, haijui hii ni mbolea na hii ni chumvi ya kisima. Kisima kikisoma 1.2 na rehani inataka 1.0 mpaka 1.6, nafasi ya chakula iko wapi? Mita itakwambia mmea umeshiba na huku una njaa. Mwenye jabia la maji ya mvua ana bahati sana, changanya na ya kisima mpaka isome chini ya 0.5.

Hatua ya 2, tia mbolea. Mbolea hii huja mafungu mawili, A yenye kalsiamu na B yenye salfeti na fosfeti. A kwanza, koroga, ndo utie B. Zisikutane kabla hazijaingia kwenye maji, kalsiamu itagandana na zile salfeti na fosfeti ikae chini ya ndoo kama chokaa na mmea haupati kitu. Miche midogo EC 0.6 hivi yatosha, rehani kubwa nishasema, dania 1.2 hadi 1.8, nanaa ndo mlaji, inafika mpaka 2.0 na zaidi. Lakini kaskazi jua likiwa kali shusha zote kidogo, maana mimea inakunywa maji mengi kuliko mbolea na mchanganyiko unakolea wenyewe.

Hatua ya 3, pH (kipimo cha uchachu wa maji) iwe 5.5 mpaka 6.5. Visima vyetu vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe kwa hivyo pH iko juu kila siku, na ikipita 7 mmea unashindwa kuchukua madini ya chuma hata kama yamejaa tele. Utaona majani machanga ya juu yamekuwa manjano, mishipa imebaki kijani. Mtu akiona hivyo anakimbilia kuongeza mbolea na ndo anaumaliza kabisa, shusha pH kwanza! Yakianza manjano majani ya chini, jani zima, hiyo sasa ni njaa ya naitrojeni.

Hatua ya 4, pima kila asubuhi. Maji yamepungua na EC imepanda, ongeza maji matupu. EC imeshuka, ongeza mbolea. Kila wiki mbili mwaga yote utie mapya (wamwagie minazi, usitupe).

MASWALI

Swali: Rehani yangu majani mapana kama mchicha lakini hainukii, kwa nini?
Jibu: Naitrojeni imezidi dadangu, na nadhani kivuli pia. Naitrojeni nyingi inajenga jani laini la maji maji, mafuta ya harufu hayaendi sambamba na ule ukubwa. Rudi 1.2, ipate jua angalau saa sita, na ukate kabla haijatoa maua.

Swali: Niko Malindi, naweza kutumia yurea ya duka la mbolea? Bei yake nafuu.
Jibu: Hapana kaka. Yurea inategemea vijidudu vya udongoni viigeuze naitreti, kwenye bomba la maji hawako wa kutosha. Tafuta kalsiamu naitreti.

Swali: Dania inapanda maua ingali ndogo, niongeze mbolea?
Jibu: Hilo ni joto, mbolea haitasaidia. Weka wavu wa kivuli, na pipa la maji lifunike lisipate jua, maji ya moto hayashiki oksijeni na mizizi inaoza. Ukigusa mizizi ikateleza na kugeuka kahawia ujue ishaanza, iwe nyeupe. Mbegu zaidi ningezimwaga wakati wa kusi, kaskazi ni kujichosha tu.