Shali ya matundu kutoka kwenye sweta la mtumba

Uzi mwembamba wa sufu sijawahi kuukuta dukani hapa Njombe. Kinachouzwa ni akriliki, na akriliki hata uivute vipi haishiki umbo la matundu. Sufu yangu naitoa mnadani, kwenye rundo la masweta ya mtumba. Sweta moja la elfu tatu linanitosha shali nzima na soksi za mtoto juu.

Kabla hujauliza bei, ligeuze ndani nje utazame mshono wa ubavuni. Ukiona kingo zimepigwa ovaloki, lirudishe: kitambaa kilikatwa kwa mkasi, kwa hiyo kila mstari ni kipande cha dhiraa moja. La kwanza nililipenda kwa rangi yake ya damu ya mzee, nikafumua jioni nzima, nikabaki na bakuli la vipande. Unalotaka ni lile lenye kingo nzima zilizounganishwa kwa mnyororo wa uzi mmoja. Kata mahali pamoja, vuta, na mshono wote unakimbia kama wa gunia la sukari.

Lebo ikiwa imekatwa, chomoa uzi kidogo uuchome. Sufu hunuka nywele zilizoungua na jivu lake husagika. Akriliki huyeyuka ikawa kishanga kigumu. Muuzaji wangu ameshazoea kuniona na kiberiti.

Fumua kuanzia shingoni huku ukizungushia uzi kwenye mgongo wa kiti. Ufunge sehemu nne usijivuruge, loweka kwenye maji ya vuguvugu yenye shampuu, kisha uning'inize na chupa ya maji nusu chini yake. Ukikauka utakuwa umenyooka.

Sindano ziwe za milimita 4. Spoku za baiskeli tulizojifunzia utotoni ni nyembamba mno kwa kazi hii.

Anza vitanzi 96. Vitatu vya kila pembeni vifume pleni (mshono wa kawaida) siku zote. 90 vya katikati ni makundi matano ya vitanzi 18, na mtindo hurudiwa katika kila kundi. Mtindo ni wa wafumaji wa visiwa vya Shetland, kaskazini mwa Uskochi, nao una mistari minne tu inayorudiwa. Wa kwanza pleni, wa pili kinyume (uzi ukiwa mbele ya sindano). Wa tatu ndio wenye kazi: fuma viwili pamoja mara tatu, zungusha uzi kwenye sindano kisha fuma kimoja, mara sita, halafu viwili pamoja mara tatu tena. Wa nne pleni. Kila uzi uliozungushwa ni tundu, na kila viwili pamoja hufidia kitanzi kilichoongezeka, hivyo hesabu ya kila kundi lazima irudi 18. Isiporudi, usisogee mbele.

Kila mistari 20, pitisha uzi wa cherehani wa rangi nyingine ndani ya vitanzi vyote. Mwanangu aliwahi kuchomoa sindano nikiwa jikoni. Nilifumua hadi kwenye uzi ule tu.

Ikifika mita moja na nusu, funga vitanzi kwa kulegeza sana. Itafanana na tambara la kudekia. Loweka nusu saa, ikamue ndani ya taulo bila kuisokota, itandaze kitandani, ivute mpaka matundu yafunguke, kisha chomeka pini kwenye kila ncha ya mawimbi yanayojitokeza ukingoni. Isiguswe mpaka ikauke kabisa. Kwa baridi ya Julai huku kwetu ni siku mbili, nasi tunahamia kulala chumba cha watoto.