SOMO: Kumtumia wakala wa akili mnemba kwenye rekodi za DNS bila kuharibu barua pepe za mteja

Jinsi ya kumruhusu wakala wa akili mnemba (programu inayotekeleza kazi yenyewe kwa maagizo yako) aguse rekodi za DNS, yaani orodha inayoelekeza tovuti na barua pepe za domeni kwenye seva zake: swali hili naulizwa na mafundi wa Mwanjelwa, Tukuyu hadi Njombe, kila mmoja kwa wakati wake. Naliandika lote hapa. Ukiniuliza tena nitakutumia kiungo.

1. Tengeneza tokeni ya API (ufunguo wa programu, badala ya nywila) ya domeni moja tu, yenye ruhusa ya rekodi za DNS tu.

2. Pakua faili la zoni (lenye rekodi zote za domeni) kabla ya yote, ulihifadhi mahali ambapo wakala hafiki.

3. Mwambie asome rekodi zote na kukuorodheshea. Asiandike chochote.

4. Majina ya rekodi. Hapa usikimbie. Jina la DNS ni vipande vinavyotenganishwa na nukta. Kila kipande kina kikomo cha herufi 63, na jina zima 253. Shida haiko kwenye urefu, iko kwenye swali la nani anamalizia jina. Kuna watoa huduma wanaotaka uandike kipande tu, "barua", wao wanaongeza domeni. Wengine wanataka jina kamili. Wakala asipojua yuko kwa nani, unapata hiki:

barua.jinalako.co.tz.jinalako.co.tz

Rekodi imepokelewa, hakuna kosa lililoonyeshwa, wakala anakuambia amemaliza, na hakuna anayeipata. Mteja wako, mwenye nyumba ya wageni, anasubiri barua za watalii ambazo hazitafika. Kwa hiyo mwagize hivi: "Chukua rekodi moja iliyopo inayofanya kazi, nionyeshe jina lake lilivyoandikwa, kisha fuata mtindo huohuo." Kwenye faili la zoni, jina kamili lazima liishie na nukta, nukta ikikosekana, domeni inaongezwa tena.

ANGALIA pia mstari wa chini (_) kwenye _dmarc na _domainkey, majina ya rekodi za kuthibitisha barua. Ni sehemu ya jina. Wakala akiandika "dmarc" bila mstari huo, seva za barua haziisomi kabisa.

5. Dai mpango wa maandishi: ipi inaongezwa, ipi inabadilishwa, ipi inafutwa. Usiseme "weka MX" (rekodi ya seva inayopokea barua), maana kuna zana zinazoelewa "futa zilizopo, weka hii". Sema "ongeza, nyingine usiguse". SPF, rekodi inayotaja nani anaruhusiwa kutuma barua kwa jina la domeni, ni tofauti: rekodi inayoanza na v=spf1 lazima iwe moja tu kwa jina moja. Ukiwa na huduma ya pili ya kutuma barua, mwambie aiunganishe ndani ya ileile.

6. Kubali mpango, kisha hakikisha mwenyewe kwa dig, amri ya kuuliza DNS. Neno la wakala si uthibitisho.

MASWALI

Mdau wa Kabwe: Nimefuata kila kitu haifanyi kazi. Haraka tafadhali, mteja ananisumbua.

Jibu: Rekodi ipi, jina gani, dig imejibu nini? Leta hayo matatu.

Mdau wa Kabwe: Dig sijatumia. Wakala amesema iko sawa.

Jibu: Hatua ya 6.

Fundi Uyole: Tokeni inanisumbua, nimempa nywila ya akaunti nzima. Kuna ubaya?

Jibu: Upo, mkubwa. Mwenye nywila hiyo anaweza kubadili nemseva (seva zinazojibu maswali ya DNS ya domeni) au hata kuhamisha domeni. Ibadilishe leo, kisha rudi hatua ya 1.

Mwalimu wa Iringa: Kamwene dada. Nina rekodi A (ya anwani ya seva) ya nyota, *.jinalako.co.tz, na duka.jinalako.co.tz lilikuwa linafunguka kwa hiyo. Wakala ameongeza TXT (rekodi ya maandishi) ya uthibitisho kwenye "duka", duka likapotea. A sijaigusa. Kwa nini?

Jibu: Kamwene mwalimu, swali zuri sana hili. Nyota hujibu kwa majina ambayo hayapo. Ulipoongeza TXT, "duka" likawa jina lililopo, hata kama halina A. Nyota ikaliacha. Mwambie wakala aongeze A ya "duka" yenyewe, TXT ibaki. Na kila zoni yenye nyota, mwagize akutajie kwenye mpango majina mapya yatakayotoka chini ya nyota.

Mwalimu wa Iringa: Imerudi, lakini kwa simu tu. Ofisini bado.

Jibu: Wakati A haipo, kashe ya ofisini (inayotunza majibu ya DNS kwa muda) iliuliza ikajibiwa "hakuna", nayo hukumbuka jibu hilo kwa muda unaopangwa kwenye SOA, rekodi kuu ya zoni. Usiongeze wala kufuta kitu. Iulize nemseva ya domeni moja kwa moja. Ikijibu sawa, kazi yako imekwisha.

Mdau wa Rungwe: Ndaga fijo. Mimi nahamisha tovuti ya ushirika wa parachichi wikendi hii. Nimwambie wakala nini kuhusu TTL (sekunde ambazo kashe hukumbuka rekodi)?

Jibu: Itazame ya sasa kwanza. Ikiwa 86400, hiyo ni siku nzima, basi ishushe hadi 300 angalau siku moja kabla ya kuhama. Kuishusha siku yenyewe hakusaidii, kashe za watu zimeshabeba ile ya zamani. Seva ya zamani usiizime mpaka uone haipati wageni tena.