Woga kabla ya kupanda jukwaani: anza na pumzi

Wewe unayeimba taarabu harusini kwa mara ya kwanza wiki hii, hili ni lako. Moyo ukianza kwenda mbio, usipambane nao. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 4, kisha itoe taratibu hadi 8. Kule kuitoa polepole ndiko kunakotuliza mapigo. Rudia mara tano sita. Mdomo ukikauka, piga funda la maji ya uvuguvugu.

Dakika za mwisho usirudierudie wimbo mzima, utajichanganya bure. Shika mstari wa kwanza tu. Mimi humwomba mpiga kinanda anipe sauti ya kuanzia, naivumisha mdomo umefumba mpaka niisikie inatetema kifuani. Na moyo ukikwambia huwezi, kumbuka waliokualika walishakusikia ukiimba.

Ukishapanda, woga hukufanya ukimbize wimbo. Sikiliza dumbaki, ile ngoma inayoshika mdundo, mwache mpigaji akuongoze. Kisha tafuta uso mmoja unaotabasamu, mara nyingi ni wa bibi aliyekaa mbele na noti ya kutunza mkononi, umwimbie yeye ubeti wote wa kwanza.