SOMO: Homa imeisha ila mwili haujarudi, tufanyeje kwa vitu vyetu vya nyumbani

Habari zenu wadau. Nimeulizwa sana hii kitu nikaona bora niandike mara moja niwe naelekeza hapa. Mtu kaugua dengi au chikungunya au korona, hata mafua makali tu, kaambiwa umepona, ila mwezi wa pili huo mwili mzito, pua hainusi, vidole vinauma asubuhi, anaanza sentensi anasahau anaipeleka wapi. Siyo uvivu na siyo kujidekeza. Waliougua dengi hapa Tanga na Dar mwaka 2019 wanajua nachosema. Na kwa korona Shirika la Afya Duniani (WHO) waliweka kigezo mwaka 2021, kwamba dalili zikiwepo miezi 3 toka uanze kuugua na zimekaa angalau miezi 2 bila sababu nyingine, basi hilo ni tatizo la kweli lina jina lake, wengi wanaliita long COVID, yaani korona ya muda mrefu.

Mimi muuguzi, na bibi yangu Muheza alikuwa mtu wa mitishamba, kwa hiyo sina ugomvi na upande wowote. Ninachogomba nacho ni kile kichupa cha "kurudisha nguvu ndani ya siku saba" ili uamke ukafanye kazi kama zamani. Mwili uliotoka kwenye virusi ukiulazimisha unakulipizia, na hilo ndo somo lote hili.

HATUA YA KWANZA, kapime kwanza. Najua mnataka majani ila subirini. Uchovu usioisha unaweza kuwa upungufu wa damu, sukari au malaria. Kikohozi cha zaidi ya wiki 2 kinatakiwa kipimwe kifua kikuu na vipimo na dawa zake ni bure. Kifua kikibana, pumzi ikikata ukiwa umekaa tu, au mguu mmoja ukavimba na kuuma, hapo hakuna cha tangawizi, nenda Bombo au hospitali yoyote iliyo karibu muda huohuo.

HATUA YA PILI, bajeti ya nguvu. Hii haiuzwi ndo maana watu hawaitaki. Unapanga nguvu za siku unavyopanga hela ya matumizi, ukizimaliza zote asubuhi sokoni jioni utakopa na mwili hauna huruma. Ubaya wake ni kwamba adhabu haiji palepale, leo umefua ndoo zote unajiona mzima, kesho au keshokutwa ndo huinuki kitandani, na wewe unasingizia chakula ulichokula usiku. Kwa hiyo pumzika KABLA hujachoka. Fua nguo chache, ukiwa umekaa, zingine mtu akusaidie, kukatakata mboga pia kaa. Andika kwenye daftari ulichofanya na ulivyoamka kesho yake, baada ya muda utaiona mipaka yako mwenyewe. Na wale wa "fanya zoezi tu litatoka", Uingereza mwaka 2021 taasisi yao ya miongozo ya matibabu, NICE, iliacha kabisa kupendekeza mazoezi ya kuongezwa kwa ratiba kwa wagonjwa wa ule uchovu sugu unaozidi ukijituma. Kama mwili wako hauko hivyo, tembea kidogo jioni Raskazone, hamna shida, ila ongeza taratibu.

HATUA YA TATU, pua. Hapa sisi watu wa pwani tumebarikiwa jamani. Mwaka 2009 daktari mmoja Mjerumani, Thomas Hummel wa Dresden, na wenzake walichapisha utafiti wa kuifundisha pua upya kwa harufu nne. Sasa zisikie hizo harufu: waridi, limau, karafuu na mkaratusi. Yaani hapo kuna kitu kipi hakipo Ngamiani, hapa mjini Tanga! Karafuu unapata dukani, limau lipo, waridi chukua marashi yale tunayorashia wageni, majani ya mkaratusi mtu yeyote anayeshuka kutoka Lushoto atakuletea.

Unavyofanya: vikopo vinne vya mfuniko, kila kimoja harufu yake. Asubuhi kabla ya chai na usiku kabla ya kulala unafungua kimoja, unanusa taratibu sekunde 10 hadi 20, vuta kidogokidogo usivute kwa nguvu, pumzika kidogo, unaenda kingine. Wakati unanusa LAZIMA uikumbuke ile harufu, karafuu ya kwenye pilau la harusi, limau la kwenye supu ya samaki, hata kama pua haileti chochote. Fanya hivyo miezi 3 bila kuruka. Baada ya hapo badilisha harufu, weka asumini, iliki, mchaichai, mdalasini. Wengi wanaacha wiki ya pili wakiona kimya, na mishipa ya fahamu ya pua inaota polepole mno. Ikianza kunusa vibaya, yaani kahawa na kitunguu vinanuka kama vimeoza, usiogope, mara nyingi ni njia ya kurudi, kwa muda huo kula chakula kilichopoa na kisicho na vitunguu vya kukaanga. Msiweke mafuta ya karafuu wala ya mkaratusi ndani ya pua, na msiyanywe. Na kama hunusi, jikoni mwambie mtu akukagulie mtungi wa gesi.

HATUA YA NNE, pumzi. Kaa, mkono juu ya tumbo, vuta kwa pua ukihesabu 4, toa kwa midomo iliyobana ukihesabu 6. Dakika chache, mara kadhaa kwa siku. Basi.

HATUA YA TANO, vya kunywa na nyungu (kujifukiza). Tangawizi na asali kwa koo na kikohozi kinachosumbua ni sawa (asali usimpe mtoto chini ya mwaka). Dafu zuri kwa anayeishiwa maji, ila mwenye figo mbovu aulize kwanza, lina potasiamu nyingi. Manjano kwenye chakula kula tu, ila vidonge vyake na dawa ya kuyeyusha damu kama warfarin haviendi pamoja. Mwarobaini wajawazito kaeni nao mbali, na wewe unayetumia dawa za sukari jua kwamba nao unashusha. Nyungu ilivuma mno 2020, inafungua pua kweli, haiui virusi, na mtu mwenye kizunguzungu chini ya blanketi na sufuria la maji ya moto ni kuungua kunakosubiri. Mnaonunua kwa mganga, muulizeni kasajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala? Mganga wa kweli hakasiriki akiulizwa.

MASWALI YA WANACHAMA

*Shikamoo anti, mimi niliugua dengi nikapona, sasa nywele zinatoka kwa mafungu nikichana, nipake nini?*
Marahaba mwanangu. Homa kali huziangusha nywele miezi 2 au 3 baadaye, kisha zinaota zenyewe, mara nyingi ndani ya nusu mwaka. Mafuta ya nazi paka kwa ulaini tu. Acha kusuka kwa kuvuta, na kapime damu.

*Dada mie dereva boda, chikungunya imeniachia vidole, asubuhi sikamati klachi. Nakunywa diclofenac kila siku, na kuna mtu kanambia nikaoge maji ya salfa Amboni.*
Kaka hiyo diclofenac ya kila siku bila daktari inaweza kukutoboa tumbo na kuharibu figo, kaongee nao hospitali. Amboni nenda ukipenda, ila maji yale hayatoi ugonjwa. Kila asubuhi loweka mikono kwenye beseni la maji ya vuguvugu, kunja na kunjua kitambaa humohumo. Ikipita miezi 3 bado vimevimba, waambie wakupime baridi yabisi.

*Vipi hijama, kule kuumikwa damu?*
Wengine inawapa nafuu ya maumivu kwa muda. Kwa aliyetoka dengi juzi, chembe sahani zinazogandisha damu bado ziko chini, hapana. Mwenye upungufu wa damu pia hapana. Na wembe uwe mpya, ufunguliwe mbele yako.

*Mama mkwe anasema nina jini, nisomewe.*
Somewa mwaya, dua haina ubaya na kule kukaa kimya kunapumzisha. Ila usiache vipimo, na msomaji akikupa kombe la kunywa, yale maandishi ya dua yaliyooshwa kwa maji, uliza wino wake una nini.

*Karafuu kavu za sokoni zinafaa au mpaka nitafute mafuta yake?*
Zinafaa. Zitwange kidogo tu zitoe harufu, funika, ukiona zimefifia tia nyingine. Mwombe mtu mwenye pua nzima azikague, wewe hutajua.