Jinsi ya kutengeneza chupa inayojinyeshea mvua yenyewe, uone maji na mbolea vinavyozunguka

Ule mchoro wa shuleni wa bahari, wingu na mishale tumeuchora wote, ila muulize mtu mbolea inarudije kwenye mti baada ya jani kudondoka, ataanza kujikuna kichwa. Mi naona njia rahisi ya kuelewa ni kuufungia mzunguko mzima kwenye chupa halafu unakaa unauangalia. Sio kitu kipya. Mwaka 1829 huko London kuna daktari aliitwa Nathaniel Ward, aliweka pupa wa nondo kwenye chupa yenye udongo wa unyevunyevu akafunika, anasubiri nondo atoke, akashangaa kuona kangaga na nyasi zimeota humo ndani, na zikaendelea kuishi wala hazimwagiliwi.

Haya, tafuta chupa ya kioo isiyo na rangi, mdomo mkono upite, kifuniko kibane kwelikweli. Chini weka kokoto kama sentimita 3 ili maji yakizidi yakae huko yasizamishe mizizi. Juu yake udongo sentimita 6 mpaka 8, na hapa ndo wengi wanapoharibu, wanatafuta udongo uliochomwa moto eti ndo msafi. Achana nao. Chota ule wa juujuu chini ya mti, wenye majani yaliyooza nusunusu, maana humo ndo kuna bakteria, kuvu na vile vidudu vidogo vinavyorukaruka ukifunua majani. Hao ndo wafanyakazi wako, bila wao umetengeneza jeneza la mimea tu.

Mimea chagua midogo inayopenda kivuli, kangaga ndogo inafaa sana, ya jangwani usiweke itaoza. Halafu maji: nyunyizia kidogokidogo mpaka udongo ukiufumbata unashikana lakini ukiukamua hautoi tone. Chupa yangu ya kwanza nilimwaga maji kama nimetumwa, wiki mbili baadae nafungua, harufu ya yai viza nyumba nzima. Harufu hiyo maana yake udongo umekosa hewa, wale bakteria wasiohitaji oksijeni ndo wametawala, na mizizi inakufa. Nilimwaga yote nikaanza upya. Chupa ikiwa tayari funga, weka penye mwanga ila jua lisiipige moja kwa moja, kioo kinatunza joto na mimea itachemka humo.

Kesho yake asubuhi utaona kioo kimeloa jasho na matone yanateleza kurudi chini, hiyo ndo mvua yako. Maji hayo mengine yamepanda kutoka kwenye udongo na mengine yametoka kwenye vitundu vya majani, mti unayavuta kwa mizizi na kuyaachia hewani. Kama huamini kwamba jani linatoa maji, funga mfuko mkavu wa plastiki unaoonyesha ndani kwenye tawi la mti huko nje, saa tatu asubuhi, jioni kaangalie. Huko duniani mvuke ukishapanda unakaa hewani wastani wa siku 9 hivi kabla haujarudi kama mvua, kwenye chupa ni masaa tu. Kioo kikiwa na ukungu kutwa nzima maji yamezidi, fungua masaa machache. Kisipotoa jasho kabisa siku kadhaa, ongeza kijiko kimoja.

Mbolea sasa inataka uvumilivu, ni miezi. Jani likidondoka USILITOE, najua linakera macho, na litaota utando mweupe, liache. Zile ni kuvu zinakula, zikisaidiana na bakteria, wanavunja protini ya jani mpaka naitrojeni, kirutubisho ambacho mmea unakihitaji ili ukue, inatoka kama amonia, wengine wanaipokea wanaigeuza naitriti, wengine tena wanaimalizia kuwa naitreti, hapo ndo mzizi unaivuta na jani jipya linatoka. Cha ajabu hewa yenyewe asilimia 78 ni naitrojeni lakini mmea hauwezi kuigusa, mpaka wawepo bakteria maalumu kama wale wa kwenye vinundu vya mizizi ya jamii ya kunde. Na wale wanaoozesha jani wakipumua wanatoa hewa ya ukaa, ambayo majani mabichi yanaitaka ili yatengeneze chakula, kwa hiyo hata pumzi humo haipotei.

Fosforasi, kirutubisho kingine cha mmea, ndo yenye roho ngumu. Yenyewe hairuki hewani kama naitrojeni, huko nje inatoka kwenye miamba inayomomonyoka polepole mno, kwenye chupa ni ile tu uliyoiingiza na udongo. Kila jani unalolitoa umeondoka na fosforasi yake, na naitrojeni yake pia. Ukiwa na nafasi tengeneza chupa mbili zinazofanana, moja uwe unatoa majani yote yanayodondoka, nyingine usiiguse, halafu linganisha baada ya miezi mingi. Dalili ya kutafuta ni majani ya chini kuanza kugeuka njano, maana mmea ukikosa naitrojeni unainyang'anya kwenye majani mazee unapeleka kwa machanga.

Kama una mizani, pima chupa siku unayoifunga uandike, pima tena baada ya miezi mitatu. Mimea imekua lakini uzito ni uleule, watu wengi hapo ndo wananyamaza. Kinachoingia na kutoka ni mwanga tu, unaingia unatoka kama joto, huo hauzunguki, ndo maana chupa ukiifungia kabatini inakufa hata kama ina kila kitu.

Mimea ikijaa mpaka ikabana kioo, punguza kwa mkasi msafi, vipande katakata vidogo uviache humohumo chini, funga.