Kesi ya kutelekeza mtoto (k. 166): soma hapa kabla ya kuuliza

Swali ni lile lile: "Dada kakamatwa kwa kutelekeza mtoto, afanyeje?" Naandika mara moja, mwingine akiuliza nitambandikia huu uzi. Ni Tanzania Bara tu. Namba za vifungu (k.) ni za Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, toleo la 2022. Mwenye toleo jipya alinganishe.

1. Polisi: taja jina na unapoishi, omba dhamana (kosa linadhaminika), mengine msubiri wakili.

2. Dai nakala ya hati ya mashtaka, utazame kifungu. 166 ni kutelekeza. 167 ni kumnyima mtoto chakula, mavazi au malazi mpaka afya yake idhurike. Bila ripoti ya daktari, kesi ya 167 huyumba. Adhabu ya 166 inatoka k. 35: kifungo kisichozidi miaka 2, faini, au vyote.

3. Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, lazima ithibitishe kila kimoja: wewe ni mzazi, mlezi au mwangalizi halali, mtoto hajafika miaka 14, uwezo wa kumtunza ulikuwa nao, ulimwacha kwa makusudi, bila sababu halali au ya msingi, na ukamwacha bila njia ya kuishi. Kimoja kikikosekana, kosa halipo.

4. Kusomewa shtaka. Hapa ndipo watu wanajimaliza. Hakimu anauliza, mtu anajibu "ni kweli", akidhani anakubali tu kwamba aliondoka. Amekiri kosa zima, pamoja na uwezo na makusudi! Ukishatiwa hatiani kwa kukiri, kwa kawaida rufaa yako inabaki kwenye adhabu tu. Tangu kesi ya Adan ya 1973 (rufaa ya Afrika Mashariki ambayo mahakama zetu huifuata), kila kiungo cha kosa, kama vile vya namba 3, kinapaswa kuelezwa kwa lugha unayoielewa, kisha usomewe maelezo ya tukio na uulizwe kama unayakubali. Ukisema "ni kweli nilimwacha, lakini kwa bibi yake, na hela natuma", hilo liandikwe kuwa umekana. Usikubali kwa sababu askari amekuahidi utaachiwa leo. Usikubali kwa aibu ya ndugu waliojaa mahakamani. Kana, useme kwa nini.

5. Usikilizwaji wa awali (kabla ya mashahidi, mahakama inaorodhesha mnayokubaliana): ukisaini hoja zisizobishaniwa, zinahesabika zimethibitishwa. "Mshtakiwa ana kipato" isipite kama si kweli.

6. Upande wa mashtaka ukifunga, omba mahakama iamue kwamba huna kesi ya kujibu. Ukikutwa nayo, leta shahidi aliyekaa na mtoto.

MASWALI

Kipanga77: Mkuu uzi mrefu, miaka mingapi?
Jibu: Namba 2.

Kipanga77: Mtoto wa nje ya ndoa je, si utetezi?
Jibu: Kifungu kinasema mzazi. Ndoa umeileta wewe.

Mama Tunu: Mtoto akiwa na miaka 15, mzazi amepona?
Jibu: Swali zuri, dada. Kwa 166, ndiyo. Ila Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhesabu mtoto hadi miaka 18, na kukiuka wajibu wa matunzo ni kosa: faini isiyozidi milioni 5, kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote.

Nesi_wa_Zamu: Mama aliyejifungua juzi, akachanganyikiwa na kumwacha mtoto njiani?
Jibu: K. 13, ugonjwa wa akili. Uibuliwe mapema, mahakama itaamuru apimwe, mara nyingi Isanga, hospitali ya wagonjwa wa akili wenye kesi, Dodoma. Kadi ya kliniki na maelezo ya waliomwona wiki ile yana uzito mkubwa. Ajue tu kwamba akishinda hapo harudi nyumbani moja kwa moja, anaweza kubaki hospitali. Mtoto akiwa amefariki, tazameni k. 199, kuua mtoto mchanga aliye chini ya miezi 12. Huadhibiwa kama kuua bila kukusudia.

Fundi Shabani: Nilikuwa natuma hela kwa simu, meseji nimefuta.
Jibu: Omba taarifa ya miamala kwa kampuni ya simu, yenye mhuri. Picha ya skrini itapingwa.

Mama Tunu: Na anayebisha kwamba si mtoto wake?
Jibu: Aombe mahakama iamuru DNA kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Asiende kupima kienyeji.