Una kampuni ya safari Nairobi na unataka kusaidia uhifadhi? Anza na mshahara wa dereva

Kuna watu wananiuliza kila mara, wale wanafungua kampuni ya safari, ati sisi tutasaidia vipi mambo ya wanyama, na ukiangalia tayari wameshachapisha tisheti za kupanda miti. Sina ugomvi na miti. Lakini kampuni ya safari inaharibu ama inatengeneza ikiwa ndani ya gari, saa moja asubuhi, dereva ana mkono mmoja kwa usukani na mwingine kwa redio, ile ya madereva kuambiana wanyama wako wapi, na hapo tisheti haisaidii mtu. Mimi nina ofisi ya vyumba viwili Ngara, Land Cruiser mbili na van moja, kwa hivyo haya ni ya kampuni ndogo kama yangu. Wale wakubwa wana idara nzima ya hii kazi.

Wacha nianze na aibu yangu. Agosti 2024 niliingia Mara na wageni sita, mimi nimekaa mbele kwa sababu nilitaka kuona kazi inavyoenda. Tukapata duma mama na watoto watatu, magari kumi na nne yamemzunguka, na mama anavizia swala tomi, amelaza kichwa, mabega tu ndiyo yanaonekana kwa nyasi. Wageni wangu walikuwa kwa upande mbaya, jua liko usoni. Kumbuka kuanzia Julai mpaka Desemba mgeni wa nje analipa dola 200 kwa siku kuingia Mara, na tiketi ni ya masaa 12 tu, sasa mtu amelipa hiyo pesa na anaona matako ya duma. Nikamwambia dereva, Mzee songa kidogo mbele. Akaniambia polepole, Madam, yule anawinda, tukikata hapo mbele tumemharibia. Nikasema Mzee, songa. Akasonga, nje ya barabara, bila kunijibu. Swala mmoja akainua kichwa, akaruka, na kundi lote likaenda. Yule mama akakaa chini vile mtu hukaa akikosa matatu ya mwisho, watoto wakaja wakamlalia. Picha zikatoka safi kabisa, jua liko nyuma yetu. Jioni wageni wakampa Mzee tipu kubwa kuliko zote za hiyo safari.

Sasa hiyo tipu ndiyo nataka uifikirie. Mzee alijua sheria kuliko mimi, na alilipwa kwa kuivunja. Na sio duma mmoja tu amekosa chakula cha siku moja, kuna utafiti wa duma wa Mara ulichapishwa 2018 ukaonyesha kwamba pale watalii ni wengi, jike analea kwa wastani watoto 0.2 kwa kila uzazi mpaka wajitegemee, na pale watalii ni wachache ni 2.3. Yaani uzazi mara tano kwa mtoto mmoja. Duma anawinda mchana, wakati sisi tuko macho na magari yetu, hana pa kujificha kama chui.

Kwa hivyo cha kwanza, mlipe dereva mshahara wa mwezi. Kampuni nyingi ndogo hapa mjini, na yangu ilikuwa hivyo, zinalipa dereva kwa siku ya safari, halafu tipu ndiyo inalipa nyumba na fees za watoto, na tipu inakuja ukimpeleka mgeni karibu na simba mpaka anusike. Hapo umemfunga dereva mikono alafu unampa semina ya uhifadhi. Sisi tulianza mshahara wa kila mwezi hata Aprili wakati gari zimelala, na tipu zote zinaingia kwa boksi moja, zinagawanywa madereva wote na yule wa ofisi. Haikuwa rahisi, dereva mmoja aliondoka kwa hasira akisema namlia jasho lake, na kusema ukweli namuelewa. Pia mlipie mtihani wa KPSGA, ule wa chama cha waongozaji wa safari, unaanza brozi, silva, hadi goldi, na akipita mwongezee pesa. Dereva mwenye beji anaweza kumwambia mgeni hapana na mgeni akasikia.

Halafu badilisha ile fomu unatumia wageni wakirudi. Yangu swali la kwanza lilikuwa "mliona wale watano wakubwa?", yaani simba, chui, ndovu, nyati na faru, na unajua dereva anaisoma hiyo fomu kama mtoto anasoma ripoti. Siku hizi nauliza kama dereva alizima injini kwa mnyama, kama alikaa mbali, kama alieleza kitu hawakujua. Mgeni naye aambiwe kabla hajafika, sio pale getini. Kwa barua yangu ya bukingi nimeweka mistari michache ya kawaida tu: gari tano kwa mnyama mmoja, zikiwa zinangoja foleni tunakaa dakika kumi tunatoka, hatutoki nje ya barabara hata ukituongeza pesa, na dereva akikataa ni mimi nimekataa. Huo mstari wa mwisho ndio wa maana kuliko yote. Kuna wateja wawili walikasirika wakaenda kwingine, sawa.

Ratiba nayo. Mtu anakuja na siku nne anataka Mara, Nakuru na Amboseli, na wewe kwa sababu una rent ya kulipa unasema inawezekana. Inawezekana ndio, lakini dereva ataendesha kama ambulensi, Narok hadi geti la Sekenani bila kupumua, na akiingia ndani ya pori ni kukimbizana na redio kwa sababu kesho asubuhi anatoka. Mimi siku hizi nakata sehemu moja nalaza wageni usiku wa tatu palepale. Dizeli inapungua, gari haliumi, na mgeni akikaa anaanza kuona ndege, anaona fisi akinyonyesha, hakuulizi tena simba yuko wapi.

Sasa pesa, na hapa watu wengi hawajui inafanya kazi aje. Wanyama wengi wa Kenya hawaishi ndani ya parki, wanaishi kwa ardhi ya watu. Pale kandokando ya Mara zile ranchi za kikundi ziligawanywa, kila familia ikapata shamba lake na hati, na mwenye shamba anaweza kuweka uzio, kulima ngano, ama kuuza. Konsavansi ni kwamba wenye mashamba wanaunganisha ardhi, wanaikodisha kwa kambi, na kambi zinalipa kodi ya ardhi kila mwezi moja kwa moja kwa mwenye shamba, wageni wawepo wasiwepo. Ol Kinyei ilianza 2005, Olare Orok 2006, Mara North 2009, Naboisho 2010. Ng'ombe bado wanachungwa humo, lakini kwa mpango. Vitanda ni vichache na magari ni machache, ndiyo maana bei iko juu.

Kwa hivyo ukiandika kotesheni, ile ada ya konsavansi iweke kwa mstari wake peke yake, usiifiche ndani ya bei ya kulala. Mteja akianza kubageini, na atabageini, usiguse hapo, punguza faida yako ama ondoa shampeni ya kwenye nyasi. Nimeona mabroka wanauza "safari ya konsavansi" alafu wanalaza watu nje ya geti kwa kambi ya bei ya chini na kuingiza gari mchana kimagendo. Mgeni hajui tofauti. Mwenye ardhi anajua.

Kambi pia iulize maswali kabla hujapeleka watu. Maji machafu yanaenda wapi, moto wa maji ya kuoga ni kuni ama sola, wafanyakazi wangapi ni wa pale pale, na ni kazi gani wanafanya, maana kuna kambi Mmaasai anaruka tu jioni na mshahara wa maana uko kwa mtu mwingine. Ecotourism Kenya wanapima kambi na loji tangu 2002, wanatoa brozi, silva na goldi, anza na hiyo orodha kama huna muda. Lakini pia nenda mwenyewe, zunguka nyuma ya jikoni. Nyuma ya jikoni hakudanganyi.

Kutembelea manyatta ni kidonda. Dereva anakusanya pesa kwa wageni ndani ya gari, halafu kijiji kinapewa kitu kidogo na inayobaki ni ya dereva ama ya kampuni. Wamama wameimba, wameonyesha nyumba, wametandika shanga chini, na wanaenda nyumbani na ile sarafu ya kuhesabu. Dawa yake ni rahisi sana: kiasi kikubaliwe na wazee wa kijiji mwanzoni mwa msimu, kampuni itume kwa M-Pesa ya kikundi, na ujumbe ukiingia mgeni aonyeshwe. Dereva asishike hiyo pesa hata shilingi. Na peremende za kurushia watoto dirishani, hapana, wanaacha shule kukaa barabarani. Mgeni anataka kuleta zawadi, mwambie aulize mwalimu mkuu.

Plastiki nitapita haraka kwa sababu ni sheria, chupa na vikombe vya kutumia mara moja vilipigwa marufuku ndani ya parki tangu 5 Juni 2020. Nunua chupa za chuma, weka mtungi wa lita 20 nyuma ya gari. Mtego uko kwa lanchi boksi, loji inakupa sandwichi imefungwa nailoni na juisi ina mrija wa plastiki, kwa hivyo peleka mikebe yako jioni wakupakulie humo. Na picha za faru, mwambie mgeni azime lokesheni kwa simu kabla hajaposti, majangili wana intaneti pia.

Lakini kama uko Nairobi na unataka kitu cha mkono wako mwenyewe, usiende mbali. Nairobi National Park ilianza 1946, ni kilomita za mraba 117, pande tatu ni uzio na upande wa kusini uko wazi kuelekea Kitengela. Hapo ndipo wanyama wanatoka, na hapo ndipo ploti za hamsini kwa mia zinauzwa kila wikendi. Tangu 2000 kulikuwa na mpango wa kuwalipa wenye ardhi kule dola 4 kwa eka kwa mwaka wasiweke uzio. Na ni hapohapo kijana Mmaasai, Richard Turere, akiwa na miaka 11 alitengeneza taa za kuwaka na kuzima kuzunguka boma la ng'ombe wa babake, betri ya gari, sola ndogo, balbu, na simba akiona taa zinahama anafikiri ni mtu anatembea na tochi. Ng'ombe wakikaa salama, simba hapigwi mkuki wala kuwekewa sumu. Sisi tunatoa kiasi fulani kwa kila mgeni wa siku moja wa Nairobi Park, tunanunua waya na taa kwa boma moja kwa wakati, na fundi analipwa yeye, sio ofisi. Boma la kwanza nilienda kuliona usiku. Mama wa pale akaniambia sasa analala, shida imebaki mbwa wanabwekea taa.

Na kitu cha mwisho, tafuta wateja wa Aprili na Mei. Kodi ya ardhi inalipwa hata mvua ikinyesha, na kambi zenye watu msimu mmoja tu ndizo huchelewesha malipo. Miezi hiyo bei inashuka, nyasi ni za kijani, gari ni moja kwa simba badala ya kumi. Ila ule udongo mweusi wa kunata haucheki, beba koleo mbili na kamba ya kuvuta, na mwambie mgeni kabla hajalipa kwamba mnaweza kukwama na itabidi ashuke asukume, lakini ashuke tu Mzee akisema.